Pua ya Gari: Vumbi la Kitale na Theluji ya Ugenini

Mwezi wa Januari, mvua zikiwa zimekwisha kuiaga nchi ya Trans Nzoia, na mabua ya mahindi yakiwa yamekauka mashambani hata yanalia yakiguswa na upepo, huwadia siku ambazo mtu aliyesimama kando ya njia za mashamba ya Endebess haoni gari linalomjia, huona wingu jekundu tu, na ndani ya wingu husikia mngurumo wa injini ipandayo kilima kwa taabu. Katika siku ya namna hiyo nilikuwa nimeketi juu ya tairi kuukuu katika gereji moja ya Kitale, nikingoja shughuli yangu ndogo imalizike, ilipoingia pikapu ya dizeli ya mfanyabiashara wa nafaka, mtu wa makamo, mwenye kofia pana na ghadhabu iliyozuiwa kwa adabu. "Fundi," akasema, "hili gari halivuti. Na tangu Krismasi linakunywa oili kama ng'ombe wa maziwa anavyokunywa maji."

Fundi huyo, ambaye vijana wa gereji humwita Mzee wala hawamtaji jina, hakujibu. Alifunua boneti akainama. Pale ambapo kiwanda huweka sanduku jeusi la plastiki lenye filta ya karatasi ndani yake, palikuwa na bomba la alumini ling'aalo kama sufuria mpya, na mwisho wa bomba pamevikwa filta ya pamba yenye umbo la pia, nyekundu, iliyo wazi, haina sanduku wala kifuniko. Mwenye gari alieleza, kwa fahari iliyokuwa imeanza kupungua, kwamba kifaa hicho alikinunua Nairobi, na kwamba aliambiwa kitaipa injini pumzi na pumzi itazaa nguvu. Mzee akalegeza klipu, akaliondoa bomba, akapitisha kidole ndani yake, upande ule ambao hewa ilikwisha kuchujwa na ilipasa kuwa safi. Kidole kikatoka chekundu. Hakusema neno, alikiinua tu, mwenye gari akakitazama, nami nikakitazama.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafikiri mambo ya pua za magari, ambayo yamkini msomaji atayaona madogo, maana sisi tukinunua gari huuliza habari za tairi, za bodi, za gia na za ulaji wa mafuta, lakini ni nani aulizaye gari linapumua kwa wapi? Nimeyafikiri pia kwa sababu kifaa kilekile, bomba ling'aalo na pia nyekundu, kinalalamikiwa vilevile na madereva wa nchi za baridi, Marekani na Kanada, ambako hakuna vumbi jekundu katika miezi hiyo, kuna theluji. Na ajabu ni kwamba maradhi hayo mawili, moja la nchi ya jua na moja la nchi ya barafu, asili yake ni moja.

Injini ya dizeli hailishwi mafuta peke yake. Kila kilo 1 ya dizeli iunguayo hudai hewa ya kilo 14 na nusu kwa uchache. Na kwa kuwa lita ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, lita moja hudai hewa ya kilo 12, ambayo kwa kipimo cha pwani ni kama lita 10,000. Hiyo ni hewa ya Mombasa, iliyoshindiliwa na uzito wa anga yote iliyo juu yake. Kitale imekaa juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,900, na huko kanieneo ya hewa ni kama sehemu nne katika tano za ile ya pwani, hivyo injini haina budi kuvuta lita 12,000 na zaidi ili ipate uzito uleule. Tena dizeli kwa tabia yake huvuta hewa kupita haja yake, basi hesabu ya kweli aghalabu huwa kubwa kuliko hii. Pikapu itokayo Kitale ikapita Kapenguria, ikateremka Marich Pass, ikaingia Turkana mpaka Lodwar, safari ya kilomita 300 hivi, itakuwa imepitisha tumboni mwake hewa ya lita laki tatu na ushei. Na chochote kilichokuwa kikielea katika hewa hiyo kilibisha hodi mlangoni mwa injini.

Watu wa zamani wa mitambo walijifunza habari hii kwa hasara. Matrekta ya kwanza hayakuwa na filta yoyote. Yalivuta hewa ya shambani kama ilivyo, na wakulima wakashangaa kuona mashine mpya imezeeka kabla ya jembe lake. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtu mmoja aliyeitwa Frank Donaldson, aliyekuwa katika biashara ya matrekta, aliona kwamba kinachoziua injini za wateja ni vumbi, akaanza mwaka 1915 kutengeneza vifaa vya kuisafisha hewa, na kampuni yenye jina lake ingalipo hata leo. Filta zake hufungwa katika malori yapitayo Webuye na Malaba usiku na mchana. Minnesota ni nchi ya theluji mashuhuri. Walakini kilichomsumbua Donaldson kilikuwa vumbi la shamba, lilelile liwasumbualo wakulima wa Kiminini na Kwanza. Theluji ilikuja kujulikana baadaye kuwa adui wa pili.

Vumbi huua injini namna gani? Si kwa kuziba tu, ingawa kuziba nako kupo. Ndani ya silinda, kati ya ringi za pistoni na ukuta, umo utando wa oili mwembamba mno, unene wake ni mikroni chache, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa binadamu hukaribia mikroni 70. Punje kubwa ya mchanga haina hatari kubwa kama tudhaniavyo, maana filta yoyote huikamata. Hatari imo katika punje ndogo za mikroni 5 au 10, ambazo jicho halizioni mpaka zijumuike kuwa wingu, kwa kuwa ukubwa wake unalingana na unene wa utando ule, zikaingia kati, zikagusa chuma pande zote mbili, na kila pistoni ipandapo na kushuka, zikakikwaruza. Udongo wetu una wingi wa silika, ambayo ni ngumu kama msasa, na kwa hakika msasa hutengenezwa kwa vitu vya jamii hiyo. Silinda hupanuka kidogo kidogo, ringi hulegea, oili hupanda ikaungua, moshi hugeuka buluu, na mwenye gari husema limeanza kunywa oili.

Hapa ndipo ipasapo kuangalia hesabu ambayo wauzaji wa filta za mapambo hawapendi kuifanya mbele ya mteja. Tuseme filta ya karatasi huzuia sehemu 99 katika 100 za vumbi, na nyingine, iliyotengenezwa kwa pamba nyepesi ili hewa ipite upesi, huzuia 97. Mnunuzi husema tofauti ni 2 tu, jambo dogo. Lakini injini haihesabu kilichozuiwa, huhesabu kilichopita. Na kilichopita katika filta ya kwanza ni 1, katika ya pili ni 3, yaani vumbi mara tatu, umri wa ringi ukapungua kwa kadiri hiyo au karibu yake. Sisemi kwamba filta za pamba zote ni mbaya, la. Kampuni ya K&N iliyoanza California mwaka 1969 ilijipatia sifa katika mashindano ya pikipiki na magari, na huko hoja yao ina mashiko, maana injini ya mashindano hufunguliwa kila mara na kuwekwa ringi mpya, haina haja ya kuishi miaka 15. Gari la kubeba mahindi lina haja hiyo. Tena pamba hizo hupakwa oili ili zinase vumbi, na mwenye gari akizipaka kwa ukarimu, oili huvutwa ikatua juu ya kile kipima-hewa chembamba kilicho katika bomba la magari ya siku hizi, kikapotoshwa, kikaidanganya kompyuta ya gari juu ya kiasi cha hewa kiingiacho.

Sasa tulitazame lile sanduku jeusi ambalo mwenye pikapu alilitoa akalitupa ghalani kwake, kwa sababu halina urembo. Mdomo wake haukuwekwa ovyo. Kiwanda huupeleka ndani ya bawa la gari, au huupandisha nyuma ya kichwa cha lori, mahali ambapo vumbi la matairi ni haba na maji ya njiani hayafiki; kisha njia ya hewa hupindishwa, ili punje nzito, zisizoweza kupinda kona kwa wepesi wa hewa, zijigonge ukutani zianguke; na chini kabisa ya sanduku pana ulimi wa mpira, umbo lake kama mdomo wa bata, ambao hufunguka kwa mtetemo wa gari ukatema mchanga na maji. Filta ya karatasi huja mwisho wa safari hiyo, ikiwa na kazi ndogo iliyobaki. Kila sehemu ya sanduku inaonekana haina maana mpaka ielezwe, na ndiyo maana watu huzing'oa. Nimewaona madereva wakiukata ule ulimi wa mpira wakidhani ni kasoro ya kiwanda, hewa ya chini yenye vumbi ikapata mlango wa pili wa kuingilia sandukuni.

Wauzaji wa bomba ling'aalo wana hoja yao, nayo si ya uongo mtupu. Husema hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, na hewa nzito hubeba oksijeni nyingi zaidi, hivyo injini inayovuta hewa baridi hupata nguvu. Ni kweli: kwa kila nyuzi 3 za joto zinazopungua, uzito wa hewa huongezeka kwa sehemu 1 katika 100, au karibu. Lakini pia ile nyekundu, ikiachwa wazi chini ya boneti, haivuti hewa baridi. Huvuta hewa iliyokwisha kupashwa na injini yenyewe, ilhali sanduku lililodharauliwa lilikuwa likivuta kutoka nje. Na wale wenye hila zaidi, ambao huliteremsha bomba mpaka chini ya bampa ili lipate ubaridi, huwa wameichukua pua ya gari kutoka usoni wakaishusha magotini, mahali pa vumbi, tope na maji.

Huko baridini hoja hii hugeuka kichekesho. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya nyuzi 30 za joto kwa karibu sehemu 1 katika 5, na kila gari, la tajiri na la maskini, huipata bure bila kununua bomba. Faida iliyolipiwa haipo tena. Hatari iliyokuja nayo ndiyo hubaki.

Msomaji wa Bungoma ambaye hajaona theluji asidhani kuwa ni kama mvua ya mawe iangukayo Kapsokwony na Kaptama, ambayo huyafanya majani ya ndizi kuwa matambara na kuifunika nchi kwa weupe wa nusu saa, wala asidhani kuwa ni matone ya barafu mazito yaangukayo yakatulia. Theluji ya baridi kali ni kavu, laini kama unga wa posho uliosagwa mara mbili, na upepo ukiipiga huruka kama vumbi la Endebess lirukavyo, ikawa wingu jeupe pale ambapo kwetu lingekuwa jekundu. Katika jimbo la Wyoming, Marekani, barabara kuu namba 80 ilipofunguliwa mwaka 1970 kati ya Laramie na Walcott, upepo uliivurumisha theluji barabarani kwa namna iliyowashinda watu, hata mwaka uliofuata wakaanza kusimamisha nyua ndefu za mbao kandokando ili kuizuia kabla haijafika njiani. Barabara hiyo hupitiwa na malori yatokayo pwani ya magharibi kwenda mashariki, na miongoni mwa madereva wa malori ya Marekani siku hizi wamo wana wa Afrika Mashariki wengi, Wakenya kwa Wasomali, walioacha nyumba za mabati na mashamba ya ekari mbili wakaenda kutafuta riziki usukani.

Basi mfikirie kijana wa Kimilili, aliyejifunza udereva katika pikapu ya mjomba wake, akafika huko, akajinunulia pikapu kubwa ya dizeli kwa jasho lake, akaipamba kwa bomba ling'aalo na pia nyekundu, maana ujana una haki zake. Siku ya kiangazi gari huimba. Inakuja siku ya Januari, yuko nyuma ya treila, na treila linaitimua theluji kavu kama lori la miwa linavyotimua majivu. Theluji huvutwa chini ya boneti. Hainaswi na ukuta wowote kwa kuwa sanduku halipo. Hutua moja kwa moja katika mikunjo ya pamba. Joto la injini huiyeyusha kidogo, upepo wa nyuzi 20 chini ya sifuri huigandisha tena, na kwa dakika chache pia nyekundu huwa imevaa ganda la barafu. Injini hukosa pumzi. Tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, huvuta pasipo na kitu cha kuvuta. Moshi mweusi hutoka, taa ya onyo huwaka, kompyuta hupunguza nguvu ili kuinusuru injini, na kijana hujikuta akisota kando ya barabara ya watu wengine, katika weupe usio na mti wala duka.

Anasimama. Anapiga simu. Anangoja saa nzima gari la kuvuta, na katika saa hiyo joto lililobaki chini ya boneti huendelea na kazi yake polepole, barafu huyeyuka, maji hudondoka chini. Fundi anapofika, huwasha gari likawaka, hulisikiliza likapumua vizuri, huifungua filta akaiona imelowa tu, huandika katika karatasi kwamba hakuona kosa, naye hulipwa. Hili ndilo jambo lililonishangaza kuliko mengine katika habari hii yote: vumbi la Kitale huacha ushahidi kidoleni mwa fundi, lakini theluji huja, hufanya uharibifu wake, kisha hujifuta. Madereva wa huko wamebishana miaka mingi na mafundi wao, kila upande ukiuona mwingine una wazimu, kwa sababu mshitakiwa hakuwahi kufikishwa gerejini.

Tena theluji ina madhara ya pili. Filta ya karatasi iliyolowa hulegea kama daftari lililoanguka mtoni, na injini inayovuta kwa nguvu huweza kuikunja au kuichana, vipande vikaingia katika mabawa ya tabo. Viwanda vya nchi hizo vimeyajua hayo. Kwa hiyo masanduku yao yana kuta za ndani za kuipoteza theluji njia, yana matundu ya kutolea maji, na malori mengi makubwa yana mlango wa pili ambao dereva huufungua majira ya baridi ili injini ivute hewa ya joto iliyo chini ya boneti badala ya ile ya nje. Yaani huko, katika miezi hiyo, wenye maarifa hufanya kinyume kabisa cha wasemavyo wauzaji wa hewa baridi. Anayeng'oa sanduku hung'oa na mlango wa pili, pasipo kujua kuwa ulikuwapo.

Kwetu mwenza wa theluji ni maji. Zije zile mvua za Aprili na Mei, barabara za miwa za Bukembe na vivuko vya mito midogo iteremkayo kutoka Elgon vikafurika, hapo pua iliyoshushwa magotini hukutana na ajali yake. Hewa hushindilika, maji hayashindiliki. Kikombe kimoja cha maji kikiingia katika silinda wakati pistoni inapanda, pistoni hukuta ukuta, na mkono wake wa chuma, uliostahimili miaka, hupinda kwa mpigo mmoja. Dereva husikia mlio mmoja, kisha kimya.

Wengine, wakiisha kuona hayo, hukimbilia kifaa kingine, lile bomba refu jeusi lipandalo kando ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa, ambalo vijana huliita snoko. Watu hudhani ni kifaa cha kuogelea. Kumbe kazi yake kubwa katika nchi kavu ni vumbi: hewa ya usawa wa paa ina vumbi haba kuliko ya usawa wa gurudumu, na gari liandamanalo na magari mengine hunufaika nalo kila kilomita, ilhali mto huvukwa mara moja kwa safari. Magari ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo yamepata kupita katika nyanda zetu hizi, yalipata kufungwa mabomba ya namna hiyo, na wapigapicha waliyapenda yakitoka majini, lakini mafundi wake walijua kuwa vumbi lina masaa mengi kuliko mto. Walakini snoko haina maana ikiwa maungio yake yanavuja. Nimeona moja, mjini Bungoma, iliyotengenezwa kwa bomba la maji la plastiki, imepakwa rangi vizuri, juu imevishwa kifuniko cha heshima, na chini, pale ilipoungana na sanduku, pameshikizwa kwa utepe wa gundi. Ilivuta hewa safi ya paani kwa mdomo na vumbi la gurudumu kwa kiungo.

Wala tusiwasahau wazee wetu wa shambani. Matrekta ya Massey Ferguson ya zamani, na yako mengi yanayolima Trans Nzoia hata sasa, hayakuwa na filta ya karatasi; yalikuwa na bakuli la oili, hewa ikiteremka kwa kasi, ikigeuka ghafula juu ya oili, na vumbi, kwa uzito wake, likishindwa kugeuka na kuzama. Ni hekima nyepesi isiyohitaji spea: mkulima humwaga oili chafu, huosha bakuli, hutia nyingine. Bakuli hilo lina masharti mawili. Oili isizidi alama, na trekta lisiegemee mno, maana katika miteremko mikali ya Cheptais bakuli huinama na oili yake huvutwa na injini ikawa mafuta, trekta likanguruma peke yake pasipo kukanyagwa, dereva akadhani limepagawa.

Kosa moja, ambalo naliona kubwa kuliko yote, hutendwa kwa nia njema. Kila mji wetu una kompresa, na kila dereva mwangalifu, akipita, huomba filta ipulizwe. Kijana huleta mpira wenye shinikizo la kujaza tairi la lori, huulenga katika karatasi kwa umbali wa kidole, na vumbi hutoka wingu zima, dereva akaridhika kwa aliyoyaona. Karatasi ile ina matundu madogo mno, na upepo mkali huyapanua au kuyapasua; ukiiangalia kwa taa ndani yake utaona nukta za mwanga ambazo hazikuwapo. Jingine wasilolijua wengi ni kwamba filta yenye vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko filta mpya, kwa kuwa vumbi lililonaswa husaidia kunasa vumbi lijalo, mpaka ifike kadiri ya kuzuia pumzi. Kupuliza kila wiki, basi, ni kuivua filta nguo yake. Malori mengi yana kidude kidogo cha kioo kwenye bomba la hewa ambacho huonyesha alama nyekundu filta inapozidiwa. Hicho ndicho cha kukitazama. Katika magari mengi niliyoyachungulia kioo chake kilikuwa kimefunikwa na tope tangu zamani.

Na filta mpya yenyewe itoke wapi? Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa Kenya mwaka 2008, lakini kasha zuri lenye jina kubwa bado hupatikana kwa bei ya kuchekesha. Mzee alinionyesha namna yake ya kupima: huibonyeza gasketi ya mpira kwa kidole gumba aone kama inarudi, huhesabu mikunjo, kwa maana karatasi ghali hukunjwa mara nyingi na mwigaji hubana matumizi hapo, kisha huitia sandukuni, huifunga, huifungua, na hutazama kama mpira umeacha alama kamili kuuzunguka mdomo. Alama ikikatika mahali, vumbi litapita hapo, hata kama karatasi ni ya daraja la kwanza.

Siku ile ya Januari alimwuliza mwenye pikapu sanduku la asili liko wapi. Ikatumwa boda boda Kiminini, ikarudi baada ya saa moja na sanduku, ndani yake punje za mahindi na fukusi wawili wakavu, maana lilikuwa limegeuzwa kopo la kupimia. Mzee akaliosha kwa maji na sabuni, akaukunjua ule ulimi wa mpira, akaubinya mara mbili aone kama bado una uhai, akatia filta mpya ya karatasi, akalifunga mahali pake. Kisha akaondoa kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, na pale tundu la oili likatoa pumzi za moshi, fu, fu, fu, kama mzee apandaye ngazi.

"Mzee wangu," mwenye gari akasema, sauti yake imeshuka, "si umekwisha kulitengeneza?"

"Nimeziba vumbi la kesho," fundi akajibu. "La tangu Agosti, ulipolifunga bomba hili, limekwisha kuingia. Ringi zimelika. Lazima tuifungue injini."

Wakapatana bei kwa muda mrefu, wakakubaliana gari lirudi mwezi wa Machi, mahindi yaliyobaki ghalani yakiisha kuuzwa, kabla ya msimu wa kupanda. Bomba ling'aalo likabaki juu ya benchi, karibu na birika la chai. Mwenye pikapu akapanda, akageuza, akashika njia ya Kiminini. Na mpaka alipopotea kwenye kona niliweza kuyaona mawingu mawili nyuma yake, jekundu la matairi chini, na la buluu, jembamba, likitoka katika bomba la moshi.